Kopo la Poda la Espérance

Mwaka huu tena wamepita. Niliwasikia kabla sijawaona: pikipiki nne au tano zikipiga honi kutoka barabara kubwa, wasichana wawili wawili nyuma ya dereva, sare zao za bluu na nyeupe, na vichwa vyeupe pe kwa poda. Matokeo ya mtihani wa Serikali yalikuwa yametoka. Mgeni angedhani wameangukiwa na gunia la unga, lakini sisi wa Goma tunajua kwamba hivi ndivyo mtoto aliyefaulu anavyoonyeshwa kwa mtaa mzima. Anamwagiwa poda ya watoto wachanga kichwani, shingoni, mpaka ndani ya kola, na hapangusi kitu hadi jioni. Harufu ile ikaingia ndani kwangu hapa mtaa wa Mapendo, nami nikainuka kufunga dirisha kama ninavyofanya kila mwaka.

Binti yangu Grâce alikuwa chumbani akitafuta shuka. Akatoka na kopo mkononi, kopo la poda la zamani, kifuniko bado kimefungwa kwa ile karatasi yake ya dukani.

"Mama, hii pudre ni ya nani? Haijafunguliwa hata."

Nilimwambia alirudishe alikolitoa. Akalirudisha, ila harufu ilikuwa imekwisha kunishika, na siku nzima sikufanya kazi ya maana.

Tulikuwa thelathini na wanane katika mwaka wa mwisho, kwenye shule yenye uzio wa mawe meusi ya volkano kama uzio mwingine wowote wa mji huu. Mimi nilikuwa hodari wa hesabu. Silisemi hili kwa unyenyekevu kwa sababu wakati ule sikuwa nao. Mwalimu alipokosea ubaoni alinigeukia mimi kwanza, na nilipenda sana kugeukiwa. Kwetu tulikuwa watu wa Butembo, wa misa kila Jumapili na rozari kila Ijumaa. Papa, baba yangu, alikuwa barabarani na malori ya maharage, na mama ndiye aliyeendesha nyumba, kwa mkono usiotikisika.

Dawati langu nililigawana na Espérance, tuliyemwita Espé, kwa miaka minne. Wazazi wake walishuka kutoka vilima vya Masisi baada ya kupoteza ng'ombe wote, wakapata nyumba ya mbao huko Ndosho, pembezoni mwa mji. Espé alikuja shuleni kwa miguu. Ndani ya mkoba wake kulikuwa na kitambaa cha kufutia viatu. Alisimama langoni kila asubuhi, akafuta vumbi jeusi, akakunja kitambaa vizuri, ndipo akaingia. Hesabu zilimshinda. Nilipomweleza zoezi alitikisa kichwa na kusema ameelewa, na mimi nilijua hajaelewa, ila anasema hivyo ili nisichoke naye.

Mahali alipokuwa mkubwa kwangu ni kwaya. Sote wawili tuliimba sauti ya kwanza, naye alisimama nyuma yangu. Mimi nilikuwa na ugonjwa mmoja: niliwahi. Kiongozi wa kwaya akiwa bado hajainua mkono, mimi tayari nimekwisha kufungua mdomo. Basi Espé alijifunza kukohoa. Alipoona mabega yangu yanapanda kabla ya wakati, alikohoa kidogo, kikohozi kikavu cha mara mbili, na mimi nikajua: bado, acha. Hakuna mtu mwingine kanisani aliyekitambua. Kwa miaka minne kikohozi kile kiliniepusha na aibu, naomba mkikumbuke.

Kiongozi wa darasa letu aliitwa Josué, mtoto wa mchungaji. Kama ningekuwa natunga hadithi ningemfanya mhuni, lakini hakuwa mhuni hata kidogo. Ndiye aliyeongoza sala kila asubuhi, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, na alikuwa anasali vizuri. Mwenzetu mmoja alipougua malaria, Josué alimbebea mkoba mwezi mzima. Tulimpenda wote. Ndiyo maana lile alilolileta lilikuwa gumu kukataa kuliko kama lingeletwa na mtu mbaya.

Jumapili moja, siku nane kabla ya mtihani, ilikuwa misa ya kubariki kalamu. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alileta kalamu zake, zikapangwa mbele ya altare, na padri akazinyunyizia maji ya baraka. Kabla ya hapo alituambia kila mmoja aiambie kalamu yake kimoyomoyo itaandika nini. Mimi nilikuwa nimepata kipaimara mwaka uleule, na akili yangu ya dini ilikuwa bado ya kitoto: nilidhani baraka inaingia ndani ya wino, kama chanjo inavyoingia kwenye mkono. Niliiambia kalamu yangu itaandika ninachokijua, basi. Nikaona kabisa kwamba imesikia.

Baada ya misa Josué alituita darasani. Mlango ukafungwa. Juu ya meza ya mwalimu kulikuwa na beseni la plastiki na Biblia kando yake, naye akatuomba tuweke ndani ya beseni kalamu zetu zilizobarikiwa. Tukaweka. Nilifikiri tunakwenda kusali. Kumbe alikuwa na mpango, na alitueleza kwa utaratibu wake uleule wa kuongoza sala.

Katika mtihani wetu jibu ni kuchagua namba, moja hadi tano. Ishara zingekuwa usoni: kugusa nywele ni moja, paji la uso mbili, jicho tatu, pua nne, kidevu tano. Kulaza kalamu mezani maana yake ni kwamba majibu yanaanza, swali la kwanza, la pili, la tatu, kwa mfuatano. Karatasi hazifanani, kila moja ina namba ya série yake juu, na maswali ya série moja hayalingani na ya nyingine. Kwa hiyo kila mtu angemtazama tu mwenye série kama yake. Kwa hesabu, wenye série kama yangu wangenisoma mimi. Wengine walikuwa wamekwisha kupewa mtu wao. Kilichobaki ni kila mmoja kuweka mkono mmoja juu ya kalamu na mwingine juu ya Biblia, na kuapa kwamba hataacha mwenzake nyuma.

Wakaanza kupita. Mmoja mmoja, bila utani, wengine wakifumba macho. Espé alipita kabla yangu. Aliweka mikono yake kwa upole kama mtu anayegusa mtoto aliyelala, akasema maneno, akarudi kusimama ukutani. Ikafika zamu yangu, nami nikakwenda mpaka mezani, nikaingiza mkono ndani ya beseni, nikatafuta kalamu yangu yenye kifuniko kilichotafunwa, nikaitoa.

Mpaka leo sijui kama ilikuwa imani au hofu. Nadhani vyote viwili. Nilichowaza ni kwamba kalamu hii imekwisha kuambiwa jambo jingine asubuhi ya leo, sasa nitaiambiaje hili. Josué hakukasirika. Aliongea polepole, wote wakisikia.

"Masika, hatukuombe wizi. Tunakuomba tu usiache batu nyuma. Wewe uko na kichwa, na ni Mungu alikupa. Alikupa juu yako peke yako?"

Nilijibu kwamba siwezi kuapa uongo juu ya Biblia. Sauti ilitoka nyembamba, ya kuchekesha, lakini hakuna aliyecheka. Nikatoka na kalamu yangu.

Zilibaki siku nane. Tulikuwa bado tunakuja shuleni kujikumbusha masomo, na katika siku nane zile nilijifunza kwamba darasa zima linaweza kukuminya bila mtu kukugusa hata kidole. Asubuhi ya kwanza, wakati wa sala, Josué aliniombea. Alitaja jina langu mbele ya wote, akamwomba Mungu autoe moyo wa jiwe ndani ya dada yetu Masika na kumpa moyo wa nyama. Wote wakaitikia amina. Nilisimama katikati yao, nimefumba macho, nikisikia amina ile ikinizunguka, na sikujua kama na mimi niitikie. Wakaniombea kesho yake pia, na keshokutwa.

Kisha likaja lile la litania. Sijui nani alianza. Nilipoingia mlangoni sauti moja ikasema, "Mutakatifu Masika," na darasa likajibu kwa pamoja, kwa ule mwimbo wa kanisani tunaoujua wote, "Utuombee." Nilipokwenda chooni, utuombee. Nilipofungua daftari, utuombee. Nilipomaliza mkate wangu, peke yangu chini ya ukuta wa mawe, wasichana watatu walipita na kuniimbia kwa sauti ya chini, wakapiga na ishara ya msalaba. Nilikuwa naamka nimeuma meno.

Espé hakuimba. Lakini hakunitetea pia. Alikaa palepale kwenye dawati letu, mkoba wake katikati yetu kama mpaka, akifanya mazoezi ya hesabu aliyokuwa haelewi, asinitake msaada. Mimi nilimwona msaliti. Siku ya tano tulijikuta langoni sisi wawili tu, naye akasema neno moja ambalo wakati ule nililiona la chuki.

"Masika, kukataa ni haki yako. Lakini juu ya nini uko natuangalia vile?"

"Vile namna gani?"

"Sawa mutu mwenye kufika mbinguni mbele ya benzake."

Nikaondoka. Njia nzima nilikuwa natunga majibu, mazuri kweli, na yote nilimpa mama jioni jikoni. Mama alisikiliza, akageuza sombe, yale majani ya muhogo, chunguni, akasema nimefanya vizuri na kwamba Mungu anaona. Hakuna kitu kilichonipa nguvu kama neno lile. Niliamua kwamba siku ya hesabu sitagusa uso wangu hata kidogo, hata ikiwaje, mtu asije akapata kisingizio.

Siku ya hesabu walitupanga katika chumba kirefu chenye madirisha madogo. Ilikuwa siku ya joto na moshi, jikoni kwa jirani kulikuwa kunachomwa majani mabichi. Nilikaa mstari wa mbele. Espé alikuwa kiti cha nyuma yangu, sikuweza kumwona. Josué alikuwa upande wa kushoto, na karatasi zilipogawiwa nilimwona akinyoosha shingo kusoma namba ya série yangu, kisha akatazama ya kwake, kisha akashusha pumzi. Zilikuwa sawa. Nikatazama pembeni nikaona wengine wakifanya vilevile. Walikuwa wamenikosa kwenye beseni, lakini hawakuwa wamekata tamaa.

Nilianza kazi. Maswali manne ya kwanza yalikwenda. La tano, pua ikaanza kuniwasha. Mtu akijikataza kugusa uso, uso wote unageuka kuwa wadudu: mara nywele zinatembea, mara jasho linashuka kwenye paji, mara kidevu kinachoma. Moshi ulikuwa unaingia. Niliuma mdomo. Msimamizi alipita akanitazama, nikadhani ameona kila kitu, nikaogopa zaidi. Na nilihisi macho yao. Sikuhitaji kugeuka. Watu kumi na mmoja wa série yangu walikuwa wanangoja mkono wangu upande, na miongoni mwao alikuwamo yule aliyenibebea kitabu mvua iliponyesha, na yule ambaye mama yake alimpikia mama yangu uji alipokuwa mgonjwa. Nilijua kila mmoja wao atakosa nini akifeli. Hakuna aliyekuwa adui yangu. Hilo ndilo lililoniumiza, nikaanza kulia.

Nililia bila sauti. Machozi yalidondoka kwenye karatasi ya majibu, nikaogopa itaharibika, mkono ulikuwa umelowa jasho, kalamu ikaniteleza. Nikailaza mezani. Nikafuta jicho.

Ndipo nikasikia nyuma yangu kikohozi, kikavu, mara mbili.

Nilikijua. Ningekijua popote. Na katika kichwa changu cha siku ile, baada ya litania na sala na mkoba uliowekwa kama mpaka, kikohozi kile kilikuwa na maana moja tu: Espé ananiomba majibu. Hata yeye. Machozi yakazidi. Nikafuta jicho tena, nikapangusa pua kwa kiganja, nikafuta na kidevu kilipokuwa kinadondosha. Kikohozi kikarudi, kwa nguvu zaidi. Nikalia zaidi, nikafuta zaidi. Akakohoa mpaka msimamizi akamwuliza kama anaumwa, na akamwambia akikohoa tena atatolewa nje. Akanyamaza. Nami nikachukua kalamu yangu, nikafunga moyo, nikamaliza mtihani bila kugeuka nyuma.

Tulipotoka, Josué alinifuata uani. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Merci, Masika," alisema. "Mungu akubariki."

Nilishangaa, kisha nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: ametubu. Ameona msimamo wangu, ameguswa, ananishukuru kwa kuwapa wote mfano. Nilimwambia kwamba Mungu ni mwema. Wengine wawili watatu walinigusa bega wakipita. Langoni Espé alikuwa amesimama, kitambaa chake mkononi, akaniita. Akaniita mara ya pili. Nilipita mbele yake nimenyoosha shingo.

Matokeo yalipotoka mama alisikia jina langu redioni kabla yangu. Alilia, akakimbia dukani, akarudi na makopo mawili ya poda na majirani wote wa uani, wakanimwagia mpaka nikakosa pumzi. Nilitembezwa mtaa mzima, mweupe kama unga wa ngano. Ni siku mbili baadaye ndipo nilipojua mengine. Josué hakufaulu. Wengi katika wale kumi na mmoja hawakufaulu. Na Espé hakufaulu. Nilihuzunika, sitasema uongo. Lakini chini ya huzuni kulikuwa na kitu kingine, kitu kitamu kidogo, na nilikiita haki.

Jumapili iliyofuata ikawa misa ya shukrani. Baada ya komunyo padri alisema angependa mmoja wa waliofaulu atoe ushuhuda. Mama alinisukuma kwa kiwiko. Sikuhitaji kusukumwa. Nikapanda mbele, nikashika kipaza sauti, nikasimulia beseni, kiapo, litania. Nikaona kanisa linavyonisikiliza, nikaendelea. Nikasema kwamba jaribu kubwa zaidi lilikuwa ndani ya chumba cha mtihani, kwa sababu rafiki yangu wa moyo, niliyekaa naye dawati moja miaka minne, aliyekuwa nyuma yangu siku ile, alinikoholea tena na tena akiniomba majibu, na mimi kwa nguvu ya Mungu sikugeuka. Sikumtaja jina. Lakini ni nani asiyejua ni nani aliyekaa nami miaka minne? Vichwa viligeuka kuelekea kwaya. Espé alikuwa mahali pake, katika sare ya kwaya, mstari wa pili. Alikuja kuimba shukrani za wengine.

Kanisa likapiga makofi. Kwaya ikasimama kuimba, naye akaimba. Nilisikia sauti yake juu ya nyingine zote, haikutetemeka mahali popote, na mimi mjinga nikadhani hakuguswa.

Alinisubiri nje, kando ya ukuta wa mawe, mkoba begani. Watu walikuwa bado wananipa mkono. Alingoja wapungue.

"Nilikuwa nakuambia uache kugusa sura," alisema. "Ulilaza kalamu, Masika. Ukaanza kufuta macho. Balikuwa banaandika. Kila ulipofuta, banaandika."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaiona: kalamu mezani. Jicho, tatu. Jicho tena, tatu. Pua, nne. Kidevu. Watu kumi na mmoja wakiinama juu ya karatasi zao, wakinakili machozi yangu. Josué akinishika mkono uani kwa mikono yake miwili.

"Ulikuwa unaniomba..." nilianza.

"Nikuombe nini?" Espé hakupandisha sauti. "Série yangu ilikuwa ingine. Hata ungenipa majibu yote, ningeyaweka wapi?"

Nikamwuliza kama na yeye alimsoma mwingine, yule wa série yake, maana alikuwa ameapa. Akasema hapana. Alipokuwa ameweka mkono kwenye beseni aliona haya kutoka peke yake, basi akaapa. Lakini siku yenyewe alitazama karatasi yake tu, akafanya alichokijua. Akasema hivyo kama mtu anayekuambia saa. "Nilifanya ninachokijua, hakikutosha."

Kisha akafungua mkoba, akatoa kopo la poda. Mama yake alilinunua mapema, kwa kuwa alikuwa na uhakika na mtoto wake. Espé aliligeuza mkononi, akaniwekea kiganjani.

"Leo nilikuja kukumwangia wewe," alisema. "Sasa ujimwangie mwenyewe."

Akaenda zake, kwa miguu, upande wa Ndosho.

Hapa ndipo watu wa rika langu mnaposubiri niseme kwamba nilimkimbilia. Sikumkimbilia. Wiki ile nilikwenda kwa padri, nikamweleza yote, nikilia kweli. Hakunigombeza. Aliniambia kwamba kukataa kuapa nilifanya vema na nisiache mtu yeyote aniondolee hilo. Lakini lile la kipaza sauti linarekebishwa kwa kipaza sauti. Jumapili, baada ya komunyo, nafasi ni yangu. Nikamwambia mama. Akasema, "Mwanangu, ukisimama tena batasema ulidanganya mu kanisa. Acha ipite."

Jumapili nilivaa vizuri, nikakaa ukingoni mwa benchi ili nitoke kwa urahisi. Komunyo ikaisha. Padri akanitazama, akangoja. Karibu yangu mama mmoja wa shirika letu la sala alinipapasa mkono, akanong'ona kwamba tangu nitoe ushuhuda ule binti yake anasali kila siku. Niliangalia viatu vyangu. Padri akasema tusimame tuombe. Mstari wa pili wa kwaya palikuwa na nafasi tupu.

Nimelifikiria hili miaka yote. Darasa zima liliniminya siku nane, likaniimbia, likanitaja kwa Mungu kama mgonjwa, na nikasimama. Ilipofika zamu ya kanisa lililokuwa linanipenda, sikuweza kusimama hata dakika mbili. Hakuna aliyenitisha. Walinipapasa mkono tu. Miezi miwili baadaye, nilipopata moyo wa kwenda Ndosho, nyumba ya mbao ilikuwa na watu wengine. Waliniambia familia ile imehamia Rutshuru, baba amepata shamba la kulima kwa watu. Kuna aliyenieleza baadaye kwamba Espé alirudia mtihani huko akafaulu. Kuna mwingine aliyesema hapana, aliolewa. Josué nilikutana naye mara moja sokoni, akanisalimu kwa heshima, na nikajua kutoka kwenye heshima ile kwamba mpaka leo anaamini niliwadanganya makusudi.

Jioni ya siku ile ya pikipiki, Grâce alirudi na kopo. Akakaa karibu yangu, akaliweka mapajani, na safari hii nilimwambia, kuanzia kwenye beseni. Yeye mwenyewe yuko mwaka wa nne, hizi habari za kuapa anazijua kuliko nilivyodhani. Alisikiliza mpaka mwisho, akipitisha kidole kwenye kifuniko bila kukifungua.

"Na kanisani uliwaambiaka lini?" aliuliza.

Nikasema sikuwaambia.

Hakunihukumu. Aliinuka, akafungua dirisha nililolifunga asubuhi, akaliacha kopo mezani mbele yangu, akaenda kutandika kitanda.

Basi ninawaandikia ninyi wa kanisa letu. Wengi wenu mlikuwapo Jumapili ile, mlikuwa vijana kama mimi, mlipiga makofi, na vichwa vyenu viligeuka kuelekea kwaya. Padri alinipa nafasi, nami sikuitumia. Ninaitumia sasa. Aliyekaa nyuma yangu siku ya hesabu aliitwa Espérance. Série yake ilikuwa nyingine. Alikohoa mpaka karibu afukuzwe, ili anizuie nisiwapoteze wenzangu, na hakuniomba jibu hata moja.